Hakimu Asiyeinua Kichwa

Achieng wangu,

Umeenda kusukwa, na najua mtu akishakaa mbele ya Mama Vale hainuki upesi, kwa hivyo jioni hii yote ni yangu. Nimetoka hotelini mapema. Nimemwambia tajiri kichwa kinaniuma, ingawa kinachouma ni miguu. Nimeitia kwenye karai la maji ya chumvi na ninakuandikia nikiwa nimekaa hivyo hivyo, karatasi juu ya magoti, kwa hivyo ukiona mwandiko umepinda usiseme mama alikuwa amechanganyikiwa.

Sitakuandikia juu ya kula vizuri na kufunga mlango. Una akili zako. Homa Bay si mbali, ni Rongo halafu unashika ile njia ya kwenda Asumbi unaendelea mbele, na ukikosa sabuni utanunua. Nataka kuandika juu ya lile ulilosema juzi tukikata mboga ya sukuma, ukacheka, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mara nyingi mimi hunyamaza kwa sababu hiyo tu, na wewe unafikiri nimekubali.

Kazi yako nimeielewa hivi. Mtakuwa mnakaa benchi la nyuma kwenye korti za Homa Bay na za huku Migori, kimya, mnatazama mahakimu wakifanya kazi, ili wale wasomi wa chuo waweze kupima nani anafanya vizuri na nani hafanyi. Ulinisomea maswali. Hakimu ameanza saa ngapi. Ameahirisha kesi ngapi, na je, alieleza sababu. Je, anamtazama anayezungumza. Je, anamkata mtu maneno. Kila swali na alama zake, moja mpaka tano.

"Hebu tujaribu na mtu tunayemjua," ukasema. "Yule wa kesi ya nyumba. Kumtazama mtu, moja. Kukata maneno, moja. Heshima, wangeweka sifuri ningempa sifuri."

"Wewe ulikuwa mtoto," nikakuambia.

"Nilimwona, Mathe. Nilisimama kwa dirisha. Hakuinua kichwa hata siku moja."

Halafu ukaniambia kile ulichokuwa umekaa nacho wiki nzima. Kwamba huyo hakimu sasa yuko kwenye moja ya korti mlizopewa nyinyi. Kwamba Jumatatu, kabla hamjaanza, mkubwa wenu atawauliza mmoja mmoja kama kuna hakimu mnayemjua, au aliyewahi kuamua kesi ya mtu wa kwenu. "Nitasema hapana," ukasema. "Nikisema ndiyo wananitoa. Na huyo mzee nataka nimkalie mimi mwenyewe."

Ulicheka, lakini kisu kilikuwa kinakata sukuma kama nyasi.

Nimeibeba hiyo "hapana" yako tangu juzi. Nimekoroga ugali nayo, nimesugua masufuria nayo. Kazi hii tumeingoja wote wawili tangu umalize chuo, na wewe unajua mwenye nyumba amekuwa akipita mlangoni akijifanya anatazama mabati. Kwa hivyo usifikiri sijui ninachokuomba.

Acha nirudi nyuma kidogo.

Nilimfuata baba yako kutoka Kegonga nikiwa msichana mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Alikuwa anaendesha trekta la kubeba miwa hapa Awendo, na alikuja kwetu kununua mahindi na rafiki yake. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria, tukawa tunaelewana kwa Kiswahili, ndiyo maana wewe na mdogo wako Omondi mmekulia katika lugha isiyokuwa ya babu yenu yeyote. Alinijengea nyumba nyumbani kwao. Ng'ombe wa kunioa alikuwa anawaahidi kila msimu, na kila msimu kukatokea jambo. Mimi sikumsukuma. Nilikuwa na nyumba, nilikuwa na wewe, shemeji zangu walikuwa wananiita nyar Kuria, binti wa Kuria, na walikuwa wanalisema vizuri.

Baba yako alipokufa kwa ajali ya lile trekta, wewe ulikuwa darasa la pili na Omondi nilikuwa namfunga mgongoni. Tulimzika. Matanga yakaisha. Siku chache baadaye baba yako mdogo Ouko akasimama mlangoni kwangu, hakuingia, akasema, "Watoto ni wetu, watabaki. Wewe hukuolewa. Ng'ombe wako wapi?"

Ndipo nikaenda kortini.

Habari ya ng'ombe unaijua, wewe na Omondi mmeicheka miaka yote. Jinsi mama alivyosimama kizimbani akaapa kwamba ng'ombe walipelekwa Kegonga. Jinsi Ouko alivyomleta babu yenu, baba yangu mwenyewe, kuwa shahidi wake, na mzee akakubali haraka, kwa sababu yeye alidhani korti itamlipia. "Sikupokea hata mkia," akasema kwa sauti ya mtu aliye mnadani. Halafu akamnyooshea hakimu kidole. "Andika hapo. Andika kwamba nadai." Korti nzima ikacheka. Hata mimi sasa nacheka. Siku ile nilitaka sakafu ipasuke.

Lakini kuna upande ambao hamkuujua, kwa sababu wewe ulikuwa nje ya kioo, na kioo hakipitishi maneno.

Kabla ya huyo hakimu wako tulikuwa na mwingine. Humkumbuki. Alikuwa mtu mzuri. Akiingia anatusalimia wote, mimi alijifunza kunisalimia kwa Kikuria, na siku moja alisimamisha kesi kumwuliza Omondi kama kikohozi kimepungua. Akikutazama unahisi wewe ndiye mtu pekee aliyekuja. Halafu anaahirisha. Leo shahidi wa Ouko hayupo. Leo faili haijafika. Leo ameitwa mkutano, na anaeleza ni mkutano gani na kwa nini hawezi kuukosa, na anaomba msamaha. Tulikuwa tunatoka pale tukimsifu. Wanawake wa kwenye benchi walikuwa wanasema, huyu ndiye hakimu, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Narudi nyumbani nakuta Ouko amelima mpaka ukutani kwangu, na bado namsifu. Mpaka akahamishwa, na kesi yangu ilikuwa palepale alipoikuta. Sasa chukua maswali yako umpime. Tano, tano, tano. Hata pale pa kuahirisha angechukua alama, maana alieleza sababu vizuri sana.

Akaja huyu wa pili. Hakusalimia. Aliita kesi yetu na siku hiyo hiyo akaanza kuisikiliza.

Wewe nilikuacha verandani na Omondi, na ukapanda kile kidaraja cha saruji chini ya dirisha ukachungulia. Ulichoona ni kweli. Aliinama muda wote. Mimi nasema, yeye ameinama. Mimi nikiongeza mwendo, ananyanyua mkono wa kushoto. "Ngoja." Ameinama. "Rudia hapo." Ameinama. Nilijiambia, mimi mjane nasimama hapa na mtoto wangu analia nje, na huyu mtu hawezi hata kunitazama.

Haya ndiyo hukusikia.

"Mama, wewe na marehemu mliishi pamoja muda gani?"

"Mheshimiwa, ng'ombe walipelekwa."

"Ngoja. Sijauliza ng'ombe. Majirani walikuwa wanakuita nani?"

"Nyar Kuria. Lakini ng'ombe walipelekwa, Mheshimiwa, baba yangu yupo hapo nje."

"Mama, jibu swali. Marehemu alizikwa wapi?"

Nilidhani ananidhihaki. Mtu wa kule atazikwa wapi? "Alizikwa kwao," nikasema.

"Kwao wapi?"

"Kwao nyumbani. Kwani angezikwa sokoni?"

Watu walicheka. Na hapo, Achieng, aliinua kichwa. Wewe hukuona, askari alikuwa ameshakutoa dirishani, nilisikia sauti yako nje ukibishana naye. Aliinua kichwa akanitazama kwa muda, kalamu iko juu, kama mtu aliyesimama mlangoni akingoja umwambie karibu. "Mama, hakuna kingine cha kusema juu ya mazishi?"

Nikasema, "Ng'ombe walipelekwa."

Akainama akaandika hiyo.

Unajua baba yako alizikwa wapi. Umepanda maua pale. Jeneza lililazwa kwangu, na kaburi likachimbwa mbele ya mlango wangu, na Ouko mwenyewe ndiye aliyewaonyesha vijana mahali pa kupiga jembe. Kwa desturi yao hiyo si ajali. Mtu hazikwi mbele ya mlango wa mwanamke wa kupita. Siku ile hakuna aliyetaja ng'ombe. Wazee walikula chakula changu wakanipa pole kama mke wa marehemu, na mimi nikakaa kwenye nyumba ile siku zote za matanga kama mke wa marehemu. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni na sikuyasema.

Mimi nimetoka Kegonga. Kwetu mwanamke anakuwa mke siku ng'ombe wanapoingia bomani kwa baba yake, na aliyekwenda bila ng'ombe, mama yake anaona haya kukaa na wanawake wenzake. Nilisimama mbele ya watu nikiona macho ya mama yangu. Sikuwa najibu hakimu, nilikuwa najibu wanawake wa Kegonga. Aliponiuliza kaburi nilisikia ng'ombe. Aliponiuliza miaka nilisikia ng'ombe. Angeniuliza jina langu ningemwambia walikuwa na pembe ndefu.

Hukumu aliisoma vilevile ameinama. Kwamba hakuna kilichosemwa mbele ya korti kuonyesha nilikuwa mke. Watoto wabaki kwao kama jamaa wanataka, mama aondoke. Nikatoka, na nyinyi mkanifuata, hakuna aliyewazuia, na tangu hapo ni hapa Awendo, chumba kimoja, hoteli, masufuria. Wewe uliniuliza njiani nani ametutoa. Nikakuambia, yule hakimu. Ilikuwa rahisi. Mtoto anaelewa hakimu mbaya kuliko anavyoelewa mama aliyeulizwa kitu akajibu kingine. Halafu nikakuacha ukue hivyo, maana ilinipumzisha mimi.

Unajua nani aliyenifungua macho? Karani mmoja wa korti ile. Miaka imepita, amekuja hotelini kwetu, tumbo limetangulia, ameagiza ugali na matumbo. Ananitazama, anatazama tena.

"Wewe si Mama Ng'ombe?"

"Kula uende," nikamwambia.

"Usikasirike, dada. Sisi pale mbele tulikuwa tunataka kupiga kelele tukujibie. Mzee alikufungulia mlango mara ngapi? Kaburi, dada. Kaburi. Alikuwa anataka useme tu liko wapi."

"Si angeniambia?"

"Haruhusiwi kukuwekea maneno mdomoni. Yule wa upande wa pili pia anamtazama kama anakupendelea."

"Na mbona hakuwa ananiangalia?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Kukuangalia na nani aandike? Pale hapakuwa na mashine. Kila neno lako anaandika kwa mkono. Akikutazama wewe, neno linapotea. Sasa wewe ulikuwa unakimbia kama redio. Ile 'ngoja' ulidhani ni ya nini?"

Nilimwongezea matumbo, sijui kwa nini. Siku za kukata rufaa zilikuwa zimeshapita zamani. Nilirudi jikoni nikaendelea kukanda unga.

Sasa usinisome vibaya. Simsafishi huyo mtu. Angeweza kusema, mama, pole na msiba, naandika, ndiyo maana nasema ngoja. Ni maneno machache tu na ningetulia, na labda ningetulia kaburi lingekuja lenyewe. Hilo ni kosa lake na likitokea mbele yako liandike. Kuna siku nikiwaza uso wake bado napandwa na hasira, nikiwa peke yangu na vyombo. Mtu aliyenisikiliza vizuri kuliko wote ndiye aliyenitoa nyumbani, na yule wa kwanza aliyenipenda vizuri hakunifanyia kitu. Sijui utaweka wapi hilo kwenye alama zenu. Nimefikiri sana na sina jibu, na siwacheki hao wasomi wako, nadhani na wao wanalitafuta, ndiyo maana wanawatuma mkatazame badala ya kuuliza watu kama mimi tu. Wangeniuliza mimi siku ile nikitoka, ningempa moja kila mahali na kumpa yule wa kwanza tano, na ningeapa ni kweli.

Wapimeni. Ni vizuri. Mimi hupimwa kila siku, hata chapati zangu tajiri anaziweka juu ya mkono aone kama nimebana unga. Kwa nini wao wasipimwe? Lakini chapati ipimwe na mtu ambaye hajagombana na mpishi.

Ndiyo maana naandika. Wewe ukikaa kwenye lile benchi, hutakuwa unamtazama yeye. Utakuwa umesimama tena kwenye kile kidaraja cha saruji, unatazama mama yako akikatwa maneno. Akiinama utaandika moja. Akiinua kichwa utasema anajifanya. Na kuna mwanamke mwingine atakuwa amesimama kizimbani asubuhi hiyo na shida yake, na wewe hutamwona kabisa. Kama huyo hakimu ni mbaya, alama zako za hasira zitamfaa yeye, maana siku wakijua wewe ni nani watazitupa, na watazitupa na zile za kweli. Kama ni mzuri, utakuwa umemfanyia yeye kile ulichofikiri alinifanyia mimi. Kumhukumu mtu bila kusikia.

Najua utasema, Mathe, ni kalamu tu, ni viduara vya kujaza kwenye fomu. Mimi pia nilisema ni maneno tu.

Jumatatu mkubwa wenu atakuuliza swali moja. Usimjibu kuhusu kodi. Usimjibu kuhusu miguu yangu, wala miaka uliyoingoja kazi hii, wala vile unavyoweza kuwa wa haki ukiamua. Hayo hajauliza. Akikuuliza kama kuna hakimu aliyeamua kesi ya mtu wa kwenu, sema yuko, ni huyu, na mama yangu alishindwa. Halafu nyamaza umwache aamue. Labda atakupeleka korti nyingine. Labda atasema pole, hatuna nafasi nyingine, na utarudi hapa na mabegi yako. Ukirudi, rudi bila kuona haya. Mwenye nyumba nitaongea naye mimi, nimeshaongea naye kabla wewe hujajua kusoma. Utanisaidia kukata sukuma, na kisu utakishika polepole.

Hilo sikuombi, Achieng. Ni mama yako anasema.

Maji kwenye karai yamepoa. Nasikia sauti yako huko nje kwa jirani, unawaonyesha nywele, na Omondi anakuambia zimekufanya uwe na paji la uso kama la babu. Mwache, atakukosa kuliko mimi. Nitaikunja hii niitie ndani ya sweta yako ya kijani, uikute ukifika, maana ukiisoma hapa utabishana na mimi na sina nguvu.

Nimebakisha kitu kimoja. Lile jibu langu sijawahi kulisema kwa sauti mbele ya mtu yeyote, hata karani nilimwongezea matumbo tu. Limechelewa na halirudishi nyumba. Lakini niliulizwa, na aliyeniuliza alingoja.

Alizikwa mbele ya mlango wangu.

Mama yako,
Boke